Papa wa Miaka 400 Tunamjua, Mti wa Kilwa Je?



Kuna papa mmoja ambaye amekuwa maarufu sana kwenye simu zetu. Video yake huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, inapotea, halafu inarudi tena kama mpya. Utaona samaki mkubwa wa kijivu, mzito, anaogelea taratibu kwenye maji meusi ya baridi, na maandishi chini yanasema eti ana umri wa miaka 400. Huyo ndiye papa wa Greenland. Watu wanashangaa, wanaweka emoji, wanasambaza. Nenda kantini, nenda kijiweni, taja "yule papa anayeishi karne nne", hutakosa mtu wa kukwambia kwamba naye amemwona.

Sasa jaribu kutaja Karomia gigas. Uwezekano mkubwa ni kwamba utaulizwa kama ni dawa ya mafua au ni straika mpya aliyesajiliwa na Simba.

Karomia gigas ni mti. Uko Tanzania, kwenye mabaki ya misitu ya pwani ya kusini, upande wa Kilwa na Lindi. Ni mmoja kati ya miti adimu kabisa barani Afrika, na waliouibua kutoka kwenye orodha ya vilivyodhaniwa kuwa vimekwisha ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yaani si habari ya Aktiki hii. Ni habari ya nyumbani, na kazi yenyewe imefanywa na watu wa nyumbani, lakini haikuingia kwenye simu zetu.

Sijaandika kumponda papa. Viumbe hawa wawili nawaweka kwenye mizani moja kwa sababu kulinganisha kunatuonyesha jambo ambalo mshangao peke yake hautuonyeshi: wote wako hatarini, ila dawa zao ni tofauti. Papa anahitaji kuachwa. Mti unahitaji watu, na watu hao ni sisi. Kwa hiyo kama muda wetu na bando letu vina kikomo, tumevipeleka mahali ambapo hatuna la kufanya, na tumepaacha mahali ambapo tunahitajika.

Tuanze na papa. Mwaka 2016, timu iliyoongozwa na Julius Nielsen wa Chuo Kikuu cha Copenhagen ilichapisha utafiti wake kwenye jarida la Science. Tatizo lao lilikuwa kwamba papa hana mfupa mgumu wa kuhesabia miaka kama wafanyavyo kwa samaki wengine. Wakageukia lenzi ya jicho. Kiini cha lenzi hutengenezwa papa akiwa bado tumboni mwa mama yake na hakibadiliki tena, kwa hiyo kaboni iliyomo humo hubeba alama ya wakati aliozaliwa. Mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa miaka ya 1950 na 1960 yaliacha alama yake hadi baharini, na alama hiyo ikawasaidia kutenganisha wadogo na wakubwa. Walipima papa jike 28. Mkubwa wao, mwenye urefu wa zaidi ya mita 5, walimkadiria kuwa na miaka 392.

Hapo kuna kitu ambacho video huwa zinakiruka. Makadirio yale yana pengo la miaka 120 kila upande. Maana yake ni kwamba papa yule anaweza kuwa na miaka 272 au anaweza kuwa na 512. Waliokuwa wanataka "views" wakachukua ile 512 wakakimbia nayo. Msomi anayejua kusoma jedwali hapaswi kukimbia nayo. Hata hivyo, chukua hiyo hiyo 272, bado ni ajabu. Na chukua 392: huyo angekuwa amezaliwa wakati Fort Jesus pale Mombasa haijatimiza miaka 30 tangu Wareno waimalize.

Utafiti huo huo ulionyesha jambo lingine ambalo kwangu ni zito kuliko umri wenyewe. Papa jike huyo hufikia umri wa kuzaa akiwa na miaka kama 150. Fikiria papa aliyezaliwa mwaka 1905, wakati vita vya Majimaji vinaanza kule milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa. Mjerumani amekuja na ameondoka, Mwingereza amekuja na ameondoka, uhuru umepatikana, muungano umefanyika, sisi tumezaliwa na tumefika chuo. Papa huyo bado hajaanza kuzaa.

Ndiyo maana wavuvi wanaweza kummaliza kirahisi. Zamani watu wa Norway, Iceland na Greenland walimvua kwa ajili ya ini lake. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa: mafuta ya ini la papa ndiyo sifa, yale yale yaliyopakwa majahazi yetu ili mbao zisioze. Kule kaskazini yalitumika kwenye taa na mitambo. Mafuta ya petroli yalipochukua nafasi hiyo, biashara ikafa, papa akapumua. Siku hizi hauawi sana kwa kutafutwa. Anakufa kwa bahati mbaya, kwenye nyavu na ndoano zilizowekwa kwa ajili ya samaki wengine. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimweka kwenye Orodha Nyekundu katika ngazi ya viumbe walio katika mazingira magumu. Mwaka 2022 nchi zinazosimamia uvuvi wa Atlantiki ya Kaskazini Magharibi zikakubaliana kwamba kwenye bahari ya kimataifa ya eneo hilo, meli ikimpata isikae naye.

Angalia dawa yake ilivyo. Mrudishe majini, punguza nyavu anakopita, subiri. Hakuna anayehitaji kumlisha, kumpandikiza wala kumtafutia mwenza. Bahari yake ni kubwa, inaanzia Atlantiki ya Kaskazini na kuingia Aktiki. Akiachwa, anajua kuishi. Na sisi tuliopo Mabibo, Mlimani, Mazimbu au Dodoma, mchango wetu kwenye maisha yake ni mdogo mno. Unaweza kusambaza video yake mara mia, ndoano ya kule Greenland haitasikia.

Sasa njoo kwa mti.

Karomia gigas uliingia kwenye kumbukumbu za sayansi mwaka 1977, kutoka mti mmoja ulioonekana pwani ya Kenya, upande wa Kilifi. Mti huo ulikatwa baadaye. Mwaka 1993 ukaonekana upande wetu, Kilwa, mamia ya kilometa kutoka kule. Halafu kimya tena, hadi wengi wakadhani umekwisha. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaupata: miti michache tu, ya kuhesabika kwa vidole vya mikono miwili na visiishe. Misitu ya jirani ilipotafutwa tena miaka michache baadaye, ikaongezeka mingine, lakini hesabu yote ya wakati ule haikufika miti 25.

Si kimti kidogo kilichojificha nyasini, jamani. Unafika mita 20 na zaidi. Matunda yake yamevaa kitu kama sketi ya karatasi kavu, ambayo humsaidia kupeperuka. Na ukitaka kujua ukoo wake, nusa mnanaa au mrehani uliopandwa nje ya nyumba ya bibi yako: ni ndugu, familia moja ya mimea. IUCN imeuweka kwenye ngazi ya hatari kubwa kabisa, ile ambayo ikipandwa tena inayofuata ni kutoweka porini.

Hebu weka viumbe hawa wawili pamoja. Wote ni wakubwa kwa umbo. Wote ni wagumu kuonekana, mmoja kwa sababu ya kina cha maji, mwingine kwa sababu umebaki kwenye vipande vya msitu ambavyo wachache wanafika. Wote wanaongezeka polepole mno. Hapo ndipo wanapoachana.

Papa akiachwa anaendelea. Mti ukiachwa, unaweza kwisha hata kama hakuna atakayeugusa kwa shoka. Sababu ni mbegu. Kuvu hushambulia matunda yake, na nyingi ya mbegu hazioti. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, kwa kushirikiana na Bustani ya Mimea ya Missouri iliyoko St. Louis, Marekani, waliamua kukusanya matunda hayo. Wakazi wa jirani na msitu waliajiriwa kuitazama miti na kutoa taarifa matunda yanapokomaa, maana ukichelewa siku chache umekosa mwaka mzima. Yalikusanywa maelfu ya matunda. Miche iliyopatikana ilikuwa michache ya kusikitisha. Lakini ilipatikana. Baadaye mmojawapo ukachanua kule kule St. Louis, na wataalamu wakapata nafasi ya kulitazama kwa karibu na kulieleza vizuri ua la mti ambao jina lake lilikuwa vitabuni kwa miongo kadhaa.

Naomba tuishike picha hiyo. Mti wa Kilwa, ua lake linatazamwa kwa karibu Marekani. Sisemi kwamba Wamarekani wamekosea. Wamefanya kazi nzuri na wameifanya pamoja na TFS. Ninachosema ni kwamba mti ule uliokolewa hapo ulipofika na watu wachache sana: watafiti waliotembea msituni mwaka 2011, maofisa misitu, na wanakijiji wanaotazama juu kila msimu. Ukiwaondoa hao, hakuna kitakachobaki ila sampuli iliyokaushwa kabatini. Papa wa Greenland hamtegemei mtu yeyote wa namna hiyo.

Na Karomia haiko peke yake. Upo mti mwingine wa kusini, Erythrina schliebenii, wenye maua mekundu na shina lenye miiba. Mwaka 1998 ulikuwa umeshaandikwa kwamba umetoweka duniani. Ukaonekana tena mwaka 2001, ukatiliwa shaka tena, halafu watafiti wa UDSM wakaupata tena mwaka 2012. Mti mmoja "umekufa" na "kufufuka" mara mbili ndani ya miaka 15, si kwa sababu mti una miujiza bali kwa sababu hakuna watu wa kutosha wa kwenda kuangalia. Tatizo la kwanza la miti hii ni upungufu wa macho.

Kuna jina la tabia hii. Wataalamu wawili wa elimu ya mimea nchini Marekani, James Wandersee na Elisabeth Schussler, waliiita upofu wa mimea mwishoni mwa miaka ya 1990: ile hali ya mtu kutazama msitu, akaona simba aliyelala chini ya mti, asiuone mti. Tunayo sana. Mkivuka Mikumi kwenye basi, dirisha zima linafunguka akionekana twiga. Anachokula twiga hakimfungulii mtu dirisha.

Najua maswali yanayokuja, maana nimeshayasikia kwenye mijadala yetu.

La kwanza: "Mti huo una faida gani?" Swali zuri, ila lina mtego. Huwezi kuuliza bei ya kitu ambacho hata ua lake limeelezwa juzi juzi. Faida hutafutwa baada ya kitu kujulikana, si kabla. Na faida moja haihitaji maabara: ilipo miti hiyo ndipo palipobaki vipande vya msitu wa asili wa pwani, na vipande hivyo vinashika maji ya visima na mito ya watu wa hapo. Ukiulinda mti, umelinda na kisima. Isitoshe, hakuna anayeuliza papa wa Greenland ana faida gani. Nyama yake mbichi ni sumu. Tunampenda tu kwa sababu anashangaza. Basi na mti upewe haki hiyo hiyo.

La pili ni zito zaidi: "Wananchi wa Kilwa na Lindi watalima wapi?" Hapa sikubaliani na wale wanaharakati wanaomchora mkulima kama adui. Ufuta ndiyo pesa ya kusini. Mzazi anayefungua shamba jipya la ufuta pembeni ya msitu huenda ndiye anayemlipia mwenzetu hapa michango na nauli. Na mkaa unaochomwa kwenye misitu ya pwani unakwenda wapi? Unakuja mjini. Chipsi mayai tunazokula saa nne usiku nje ya geti zinakaangwa kwa mkaa. Tukitaka kuhesabu wanaoumaliza msitu, mstari unaanzia mezani kwetu. Kwa hiyo jibu si kumfukuza mkulima. Jibu ni kwamba msitu uliosimama uwe na mshahara ndani yake, kama ule wa wakazi walioajiriwa kutazama matunda. Kijiji kinachopata ajira kutokana na mti kina sababu ya kuulinda kuliko kijiji kilichopewa bango la "marufuku kuingia".

La tatu: "Kwani lazima tuchague? Si tunaweza kumpenda papa na mti pia?" Tunaweza. Lakini tazama tunavyofanya. Upendo wa kusambaza haugharimu kitu, na kwa papa wa mbali huo ndio tulio nao. Kwa mti wa karibu tunaweza kutoa kitu kingine kabisa: kazi.

Kazi gani? Nitataja zile zinazowezekana kwa mwanachuo mwenye bumu la kawaida.

Wa Botania na Misitu, mnajua wenyewe. Kila mwaka watu wanatafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho na wanaishia kurudia za waliowatangulia. Kuvu wa kwenye mbegu za Karomia ni mada. Nani anachavusha ua lake msituni ni mada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hebaria, kabati la mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa kumbukumbu. Wangapi waliosoma pale wamewahi kuingia, hata kwa udadisi?

Wa Kompyuta, mti unaozaa kwa siku chache unahitaji mfumo rahisi wa taarifa kutoka kwa mtazamaji kijijini hadi ofisi ya misitu, unaofanya kazi kwenye simu ya kitochi. Kwenye mashindano ya ubunifu tunaleta programu za kuagiza chakula kila mwaka. Hii ingekuwa tofauti kidogo.

Wa Sheria na Sosholojia, someni jinsi misitu ya hifadhi ya vijiji inavyoanzishwa na inavyosimamiwa, kisha mkienda fildi kusini muulize wanakijiji kama wanaona faida yake. Wa Kiswahili, kazi yenu ni kubwa kuliko mnavyodhani. Habari karibu zote za mti huu zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa shule ya msingi wa Kilwa hawezi kuusoma mti wa wilaya yake. Makala moja nzuri ya Kiswahili, iliyohakikiwa na mtu wa Botania, ingefanya zaidi ya video mia za papa.

Na serikali ya wanafunzi, tunaomba jambo moja. Kila mwaka kuna siku ya kupanda miti. Picha zinapigwa, fulana zinagawiwa, na tunapanda miashoki, kwa sababu ndiyo iliyopo bustani ya barabarani na inaota haraka. Sisemi tupande Karomia. Miche yake ni michache na iko mikononi mwa wanaostahili. Ila miti mingine ya asili ya pwani ipo, na mbegu zake zinapatikana. Mkipanga bajeti ya mwaka ujao, kaeni na watu wa Botania kabla ya kukaa na mchapa fulana. Na kila mti uwekewe kibao chenye jina lake na mahali ulipotoka, ili anayepita kwenda mtihani ajue kwamba kile si kivuli tu.

Papa wa Greenland aendelee kuzunguka kwenye simu, sina ugomvi naye. Anayetuma video yake wiki hii, atume na picha ya tunda la Karomia chini yake, lile lenye sketi ya karatasi, na aandike: "Huu ni wa kwetu, uko Kilwa, na kuna kazi." Mwenye hoja kinyume aandike toleo lijalo, tubishane hapa hapa.